Unaogopa kupigwa picha hospitalini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya mwili, hapa Kampala: eksirei, CT na MRI. Wagonjwa wengi wanaopita mikononi mwangu ni watu wa Kiswahili. Kuna wafanyabiashara wa Busia na Malaba, kuna askari na wake zao, kuna watu wa Arua na Koboko, na kuna ndugu zetu wa Kongo waliopewa rufaa kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali. Karatasi ya maelekezo wamepewa kwa Kiingereza, mlangoni wanaitwa kwa Kiganda. Mtu anafika mbele ya mashine kubwa kuliko gari, haijui, na nusu ya alichoambiwa hakukielewa. Lazima awe na tumbo joto.

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa, mengine kwa sauti, mengine kwa kunong'onezwa kwenye korido. Mepesi nimeyajibu kwa ufupi. Yale yanayowakosesha watu usingizi nimekaa nayo.

Mimi ni mtu mzima. Mbona naogopa kama mtoto?

Kwa sababu unakoingia hukujui, unalazwa chali huku wenzako wamesimama, na umeambiwa usitikisike. Mwili wa binadamu yeyote ukiwekwa hivyo unajihami. Nimeona maafande waliokaa vitani miaka mingi wakitokwa na kijasho chembamba mlangoni mwa MRI, na nimeona bibi wa miaka 80 akisinzia humo ndani kama yuko kitandani kwake.

Hofu hii ina umri sawa na picha zenyewe. Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyegundua miale ya eksirei Novemba 1895, mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe. Inasimuliwa kwamba mama yule alipoona mifupa yake mwenyewe, na pete ikielea kidoleni, alisema ameyaona mauti yake. Hakuwa mgonjwa. Alishtushwa na kuona tu.

Jambo moja nakuomba: tenganisha hofu zako mbili. Kuna hofu ya mashine na kuna hofu ya majibu. Ya mashine inapungua sana ukiambiwa ukweli na ukisema mapema kinachokutisha. Ya majibu ni nzito zaidi, nayo nimeiweka mwisho. Wengi huzichanganya, wakadhani wanakimbia mashine kumbe wanakimbia majibu.

Nimeandikiwa "skani". Ni ipi hasa?

Uliza kabla hujaondoka kwa daktari, maana neno hilo limebeba mashine nne au tano zisizofanana. Nimeshampokea dada aliyekesha akilia kwa kuogopa kuingizwa kwenye "pipa", kumbe ameandikiwa ultrasaundi ya tumbo, ambayo ni kupakwa mafuta mazito na kupitishiwa kifaa juu ya ngozi.

Eksirei ni ya sekunde chache. Unasimama au unalala, unaambiwa vuta pumzi, zuia, basi. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi. CT ni mashine yenye umbo la andazi la duara lililotobolewa katikati: meza inapita kwenye tundu, pande zote mbili unaona chumba, na kupiga picha kwenyewe mara nyingi hakumalizi dakika chache. MRI ndiyo yenye tundu refu. Haitumii mionzi ya eksirei, inatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, na unaweza kukaa humo kati ya dakika 15 na saa nzima kulingana na sehemu inayopigwa.

Kwa hiyo anayeogopa mahali finyu, MRI ndiyo ya kujiandalia. Anayewaza mionzi, ya kuuliza ni CT. Wengi wanaogopa yote kwa pamoja bila sababu.

Nitabanwa ndani ya MRI? Nitakosa hewa?

Hewa hukosi. Tundu liko wazi mbele na nyuma, lina taa, na mashine nyingi zina feni inayokupulizia. Upana wake ni sentimita 60 hivi kwa mashine za zamani na 70 kwa mpya. Hapo sikudanganyi: ni padogo. Mtu mnene atahisi mabega yakigusa pembeni, na wa kupigwa kichwa atafunikwa uso na kifaa kama kofia ya boda boda yenye madirisha. Atakayekwambia "hakuna kitu chochote" hakusaidii, kwa sababu ukiingia ukakuta kitu hutamwamini tena.

Nikueleze ya mzee mmoja. Alikuja kupigwa picha ya mgongo na alikuwa ameshakataa mara mbili kwingine. Kila aliyempokea alimwambia asiogope. Mimi nilimuuliza anaogopa nini. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, ujanani nilichimba migodi. Udongo ulishanifukia mara moja. Sifukiwi tena."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwanza nilimzungusha hadi nyuma ya mashine, akainama akamwona mkewe upande wa pili, kupitia tundu. Alitaka kuona kwamba kuna njia ya kutokea. Halafu, kwa kuwa ni mgongo wa chini, tulimwingiza miguu kwanza ili kichwa kibaki karibu na mdomo wa mashine. Mkewe tulikuwa tumeshamkagua asiwe na chuma chochote, tukamziba masikio, akaketi karibu na kichwa cha mumewe, kiganja juu ya paji la uso wake. Mkononi mzee alipewa kile kipira cha mpira ambacho ukikiminya kengele inalia kwetu. Nikamwambia aminye, nione. Akaminya, nikaja. Nikarudi kwenye kioo. Akaminya tena, nikaja tena. Alikuwa ananipima, na alikuwa na haki. Hakuminya mara ya tatu. Dakika 25 zikaisha.

Mambo yote hayo unaweza kuyaomba: kuonyeshwa mashine kabla, kuingizwa kidogo na kutolewa kwa majaribio, kuingia miguu kwanza pale inapowezekana, kuwa na mtu wako chumbani, kioo kidogo cha kukuonyesha nje, kitambaa cha kufunika macho. Si kila hospitali ina vyote. Lakini asiyesema hofu yake hapewi hata kimoja, kwa sababu sisi tunaona foleni ya watu kumi na usoni hujaandikwa.

Na kuna mashine za MRI zilizo wazi pembeni. Sumaku yake huwa dhaifu na picha yake huenda isionyeshe kila kitu, ila kwa baadhi ya vipimo inatosha. Muulize daktari wako kama yako ni mojawapo.

Ile kelele ni ya nini? Mashine imeharibika?

Haijaharibika. Ndani yake kuna nyaya zinazopitishiwa umeme na kukatiwa haraka haraka, zikiwa katikati ya sumaku kubwa. Kila umeme unapopita nyaya hutikisika, na mtikisiko huo ndio kelele. Inagonga, inanyamaza, inaguruma kwa sauti nyingine. Nawaambia wagonjwa wangu wafikirie karakana za Katwe siku ya kazi nyingi. Baadhi ya vipimo hupita desibeli 100, kwa hiyo vizibo vya masikio ni lazima, si hisani. Usipopewa, omba kabla meza haijasogea.

Kelele ikikoma ghafla, ujue ni mapumziko kati ya picha moja na nyingine. Usigeuke kututafuta. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu picha.

Umeme ukikatika nikiwa ndani?

Swali la haki kabisa kwa nchi yetu. Ukiwa kwenye eksirei au CT, umeme ukikatika mionzi inakoma papo hapo, haina mahali pa kujificha. Kwenye MRI kelele inakoma, taa zinaweza kuzimika mpaka jenereta iwake, na meza tunaivuta kwa mkono. Imeundwa hivyo makusudi. Sumaku yenyewe haikubani wala haikushiki. Hakuna mlango unaojifunga juu yako. Tulia, tuite, tunakuja.

Moyo ukianza kwenda mbio nikiwa humo nifanye nini?

Anza kabla hujaingia. Funga macho ukiwa bado nje, meza ikiwa haijasogea, na usiyafungue mpaka uambiwe umetoka. Aliyefumba macho akiwa nje ubongo wake haukuona dari likimshukia. Ni jambo dogo, na katika yote ninayoyajua hili ndilo linalosaidia watu wengi zaidi.

Pili, pumua polepole, na kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Usipumue kwa nguvu nyingi, kwani ukipumua haraka na kwa kina utasikia kizunguzungu na ganzi vidoleni, halafu utadhani unakufa. Kifua na tumbo vikiwa ndivyo vinavyopigwa, tutakwambia lini uzuie pumzi. Hapo fuata sauti yetu.

Tatu, upe moyo kazi. Wapo wanaovuta tasbihi kimoyomoyo, wapo wanaosali rozari bila rozari mkononi. Yule mzee wa migodini alisafiri kwenda kwao: Mityana, Mubende, Kyenjojo, Fort Portal, na kila mji alisimama akanunua kitu. Alipotoka aliniambia Mubende alikula kuku wa kuchoma. Mtu wa Busia atapita Mukono, Lugazi, Jinja, Iganga, Bugiri. Usikimbize safari. Teremka kwenye teksi, angalia nani anauza nini.

Ikizidi, minya kipira. Kutolewa nje si aibu. Tunaweza kupumzika dakika chache tukaendelea. Kinachoweza kurudiwa ni kipande kile kilichokatika, si lazima yote.

Naweza kunywa kitu cha kunituliza kabla sijaja?

Dawa ya kutuliza ipo, na kwa mwenye hofu kali ya mahali finyu inaweza kuwa jambo jema, lakini iandikwe na daktari anayejua magonjwa yako na dawa unazokunywa. Usiazime kidonge cha jirani. Ukipewa, njoo na mtu wa kukurudisha, na usipande boda boda peke yako siku hiyo, kwani usingizi unaweza kukuchukua barabarani.

Waragi, hapana. Nalisema kwa sababu nimelikuta zaidi ya mara moja. Mtu aliyelewa hawezi kutulia, hawezi kufuata maelekezo ya pumzi, anaweza kutapika akiwa chali, na dawa nyingine yoyote tutakayohitaji kumpa inakuwa hatari.

Mbona mnauliza maswali mengi ya vyuma? Nimeshavua pete.

Hapa nakuomba uvumilivu wote ulio nao. Sumaku ya MRI haizimwi usiku wala sikukuu. Inavuta chuma kwa nguvu ya ajabu: kibanio cha nywele kinaruka kama mshale, kiti cha magurudumu kinaweza kunyakuliwa. Tukirudia swali lilelile mara tatu si kwamba hatukuamini.

Vitu watu wanavyovisahau: vibanio chini ya wigi au weaving, sidiria yenye waya, zipu, simu, sarafu, hirizi yenye kifuko cha bati, rozari, vikuku, shanga za kiunoni zilizoungwa kwa waya. Dada, hizo shanga sema tu. Huna haja ya kueleza kwa nini unazivaa, na hakuna atakayekucheka. Njoo na nguo rahisi kuvua. Gomesi na mkanda wake ni vazi la heshima, ila hapa utalazimika kulivua na kuvaa gauni la hospitali, basi chukua na leso ya kujifunika kwa kuwa chumba kina baridi.

Vilivyomo ndani ya mwili ni vizito zaidi. Sema kama una betri ya moyo, vyuma vya mfupa, klipu kichwani baada ya upasuaji, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa. Vyuma vingi vya mfupa vinaruhusiwa, lakini uamuzi ni wetu baada ya kujua ni vya aina gani. Leta karatasi za upasuaji kama unazo.

Na kuna mawili ambayo hapa kwetu ni ya kuuliza kuliko mahali pengine. La kwanza ni risasi na vipande vya bomu. Watu wa kaskazini, askari, na waliokimbia vita Kongo wapo wanaotembea na chuma mwilini kwa miaka, na wengine hawapendi kusema ilivyoingia. Hatuulizi habari za vita. Tunataka kujua ipo wapi. La pili ni mafundi wa kuchomelea na kusaga vyuma. Kama uliwahi kurukiwa na cheche jichoni ukaona uchungu, hata kama ni miaka kumi iliyopita, tuambie. Punje ya chuma isiyoonekana inaweza kusogea ndani ya jicho. Tunapiga kwanza eksirei ya macho, tukiona pako safi tunaendelea.

Mionzi ya eksirei na CT itanipa saratani?

Jibu fupi: uwezekano upo, ni mdogo sana kwa picha moja, na hupanda kadiri picha zinavyoongezeka, hasa kwa watoto.

Jibu refu kidogo linahitaji kipimo. Mionzi tunaipima kwa milisivati. Ardhi, anga, chakula na hewa humpa binadamu wa kawaida duniani karibu milisivati 2.4 kwa mwaka, ukiwa shambani kwako bila kugusa hospitali. Eksirei ya kifua ni kama 0.1 au chini yake, yaani sawa na siku 15 za kuishi tu. CT ya kichwa ni kama 2. CT ya tumbo ni kama 8, sawa na zaidi ya miaka mitatu. Unaona kwamba eksirei ya kifua si ya kupotezea usingizi, ilhali CT ya tumbo inastahili swali moja la adabu kwa daktari: "Musawo, picha hii itabadilisha nini katika matibabu yangu?" Kama ina jibu, ipigwe. Ajali ya boda boda na kichwa kimevimba, CT inaokoa maisha na hesabu za milisivati zisikucheleweshe hata dakika.

Tunza picha zako za zamani. Mtu anayehama kutoka kliniki moja hadi nyingine akirudia CT ileile kwa kuwa ya kwanza ilibaki nyumbani, huyo ndiye ninayemhurumia.

Mashine za mionzi nchini zinasimamiwa na Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na kituo kinatakiwa kuwa na leseni yake. Kuuliza leseni si ukorofi.

Kama haina hatari, mbona nyinyi mnakimbilia nyuma ya kioo?

Wewe unapigwa leo, pengine huji tena mwaka huu. Mimi nikibaki chumbani nitapigwa na kila mgonjwa, kila siku, mpaka nistaafu. Ndiyo maana natoka. Sijakuacha: nakuona kwenye kioo, na kuna kipaza sauti. Wagonjwa wengi wameniambia kwamba hapo, mlango unapofungwa, ndipo upweke unapowashika kuliko mashine yenyewe. Basi siku hizi kabla sijatoka nasema, "Natoka, nakuona, nitasema nawe baada ya muda mfupi." Usipoambiwa hivyo, uliza: "Mtaniona? Mtanisikia?"

Na hapana, baada ya eksirei au CT mionzi haibaki mwilini, kama vile mwanga wa taa haubaki chumbani ukiizima. Unaweza kumbeba mtoto saa hiyohiyo. Kipimo cha mifupa kinachofanywa kwa kuchomwa dawa yenye mionzi ni kingine. Hicho hubaki kwa muda na hupungua chenyewe, na utapewa maelekezo yake.

Watanichoma dawa kwenye mshipa. Nitasikia nini?

Kwenye CT dawa ya kung'arisha picha ina ayodini. Ikiingia utasikia joto linapanda kutoka kooni hadi chini, ladha kama ya chuma mdomoni, na utahisi kama umejikojolea. Hujajikojolea. Namwambia kila mgonjwa maneno hayo waziwazi, kwa sababu mama mmoja aliwahi kuinuka katikati ya picha akilia kwa aibu, na nguo zake zilikuwa kavu. Joto hilo linapita ndani ya muda mfupi.

Kabla ya kuchomwa sema kama una pumu, kama dawa ya namna hiyo iliwahi kukudhuru, kama figo zako zina shida, au kama una kisukari na unatumia metfomini. Baada ya kuchomwa, ukisikia kuwashwa mwili, vipele, koo kubana au kifua kukaza, usingoje. Sema saa hiyohiyo. Dawa za kukusaidia ziko karibu.

Nile au nisile?

Inategemea. MRI na eksirei za kawaida, kula chai yako na dawa zako za kila siku kama kawaida. Ultrasaundi ya ini na nyongo, usile kwa saa 6 hivi. Ya nyonga au mimba changa, kunywa maji ya kutosha saa moja kabla na usiende haja ndogo. CT yenye dawa ya mshipa, fuata ulichoandikiwa. Mwenye kisukari aombe apigwe asubuhi mapema. Njaa yenyewe humtetemesha mtu akadhani ni hofu.

Ultrasaundi ya ndani inaniogopesha. Naweza kukataa?

Unaweza. Wakati mwingine ya juu ya tumbo haionyeshi kizazi vizuri, ndipo inapoombwa ya kuingiza kifaa ukeni. Ni lazima uelezwe kwanza na ukubali kwa mdomo wako. Una haki ya kuomba mpimaji mwanamke, au nesi wa kike awepo, au mumeo, dada yako, mama mkwe, yeyote unayemtaka. Kama hujawahi kulala na mwanamume, sema, na njia nyingine itatafutwa. Kama uliwahi kutendewa ukatili, huhitaji kusimulia, inatosha kusema, "Kipimo hiki ni kigumu kwangu, twende polepole."

Picha ya matiti inauma?

Titi linabanwa kati ya bamba mbili kwa sekunde chache, kwa kawaida mara mbili kila upande. Wengine wanasikia maumivu, wengine kubanwa tu. Wiki baada ya hedhi matiti huwa hayaumi sana, chagua siku hizo ukiweza. Usipake poda wala manukato ya kwapa.

Nina mimba. Au nanyonyesha.

Sema mlangoni, hata kama huna uhakika, hata kama mama mkwe yuko hapo na hajui. Omba kusemea pembeni. Ultrasaundi haina tatizo. Eksirei ya mkono au kifua humfikishia mtoto kiasi kidogo mno. CT ya tumbo ndiyo ya kufikiriwa upya. Anayenyonyesha, picha hazikatazi, na hata dawa za CT na MRI zinazofika kwenye maziwa ni chache sana, unaweza kuendelea kunyonyesha.

Mtoto wangu atalia. Tutafanyaje?

Usimdanganye kwamba mnakwenda kununua soda. Akifika akakuta mashine, kesho hatakuamini na hatatuamini. Mwambie: kuna kamera kubwa, inapiga kelele, haigusi, na mama nitakuwepo. Mchezeshe nyumbani mchezo wa sanamu: alale, ahesabu hadi kumi bila kutikisika. Mwache aje na kitambaa chake au mwanasesere asiye na chuma. Sisi humpiga picha mwanasesere kwanza.

Kichanga tunamnyonyesha hadi ashibe, tunamviringisha vizuri kwenye blanketi, analala, tunapiga. Mtoto wa miaka miwili au mitatu kwenye MRI mara nyingi atahitaji nusu kaputi. Hapo saa za kufunga zifuatwe bila huruma: kabla ya kipimo asile chakula kwa muda wa saa 6, asinyonye maziwa ya mama kwa muda wa saa 4, asinywe maji kwa muda wa saa 2. Bibi anayempa kipande cha mkate kwa siri kwa kumwonea huruma anamweka hatarini, kwa sababu chakula kinaweza kumpanda na kuingia kwenye mapafu.

Sijui Kiingereza wala Kiganda. Nitaelewana nao vipi?

Sema tangu mapokezi: "Naongea Kiswahili." Kuna wauguzi na askari wa getini wanaokijua, na mara nyingi ataitwa mmoja. Ukija na mtu wa kukutafsiria, awe mtu mzima. Mtoto wako wa miaka 12 asibebeshwe habari za kizazi chako au uvimbe wako. Kubalianeni kabla ya kuingia maneno matatu: vuta pumzi, zuia, pumua. Nimewahi kupiga CT nzima kwa maneno hayo matatu na ishara ya kidole gumba.

Mpimaji alinyamaza, akaita mwenzake, wakarudia picha. Nina kitu kibaya?

Hii ndiyo hofu ya pili niliyokuambia. Nimeshaona watu wakisoma uso wangu kama wanasoma barua. Naomba usiusome. Tunanyamaza kwa sababu tunapima na kuhesabu. Tunarudia kwa sababu ulipumua, au meza ilisogea, au kivuli cha utumbo kimekaa juu ya figo. Tunaita mwenzetu hata kwa mtu mzima wa afya. Na sisi tunaopiga picha siyo tunaotoa majibu. Daktari wa radiolojia anazisoma, anaandika ripoti, na daktari aliyekutuma ndiye anayeiunganisha na dalili zako. Ukinibana korido nikakukwepa, sikufichi msiba. Neno langu la haraka linaweza kukutisha bure au kukutuliza bure.

Ninachoweza kukupa ni tarehe. Kabla hujaondoka uliza: ripoti itatoka lini, nitaichukua dirisha gani, na nani atanisomea? Andika. Kusubiri kusiko na siku kunakula mtu kuliko kusubiri hadi Alhamisi. Ukiichukua bahasha, usiifungue kwenye teksi na kumpa kijana wa jirani anayejua Kiingereza akutafsirie. Ripoti zimejaa maneno makubwa kwa mambo madogo, na mgonjwa mmoja alikesha siku mbili akiamini anakufa kwa neno lililomaanisha uvimbe wa maji wa kawaida kwenye figo. Peleka ikiwa imefungwa, nenda na mtu unayempenda, na mwambie yeye ndiye aandike daktari atakayosema, kwa kuwa wewe siku hiyo masikio yako hayatashika.

Kama utapewa miadi ya kuchukua majibu Ijumaa jioni, omba ibadilishwe iwe asubuhi, siku ambayo daktari wako yupo.